Fundi wa Rangi na Pampu ya Pumu

Mume wangu ni fundi wa kupuliza rangi magari. Karakana yake ni ua wetu wenyewe. Asubuhi anasugua mabati kwa msasa, mchana anafunika vioo kwa magazeti, jioni anapuliza rangi. Watu wote wanamwita Fundi, hata mimi. Ukitaka kumuudhi, mwambie kuna kopo la kupuliza asilolijua.

Binti yetu ana miaka kumi. Tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi. Anaongea akila, anaongea akioga, na akishalala anaendelea kidogo.

Mwaka huu alianza kukohoa kila alfajiri. Kifua kikawa kinapiga mluzi. Tukampeleka zahanati, na daktari akasema ana pumu. Akatupa pampu ndogo ya kuvuta. Alipotaka kutuonyesha namna ya kuitumia, Fundi alicheka.

"Daktari, makopo ndiyo yanayonilisha," alisema. "Wewe wahudumie wengine. Foleni ni ndefu."

Daktari alikuwa amechoka, akatuacha twende. Nami nilimfuata nje. Niliona fahari kuwa mke wa mtu anayejua.

Nyumbani, Fundi alimfundisha mtoto sheria za kazi yake. Tikisa kopo. Lishike mbali na uso, shubiri moja. Bonyeza haraka haraka. Na ukibonyeza, bana pumzi. Hiyo ya mwisho ndiyo sheria kubwa ya wapuliza rangi, maana rangi ikiingia kifuani ni sumu. Kasuku alizishika sheria zote. Hata hivyo, kikohozi kilibaki palepale. Fundi akasema dawa za siku hizi ni maji matupu.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Fundi alikuwa ameng'oa mlango wa kushoto wa pikapu ya mteja na anausugua. Upepo ukageuka. Vumbi lote likaja kibarazani, Kasuku alipokuwa ameketi na daftari la hesabu. Alikohoa. Akakohoa tena. Halafu akanyamaza.

Mimi nilikuwa nafua. Ule ukimya ndio ulionifanya niinue kichwa.

Alikuwa ameinama mbele, mikono kwenye magoti. Mabega yalipanda na kushuka. Kila alipovuta hewa, ngozi ya kooni iliingia ndani.

"Kasuku, vipi mwanangu?"

"Ma..." alisema. Akavuta hewa. "Ma..."

Neno moja lilimshinda. Mtoto huyu!

"Fundi! Mtoto!"

Alikuja mbio na pampu mkononi. "Fungua mdomo! Bana pumzi!" Akabonyeza mara tatu mfululizo. Wingu jeupe likampiga mtoto usoni na kupotea hewani. Akabonyeza tena mara tatu. Kasuku akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yananitazama mimi, yakiniomba kitu nisichokuwa nacho.

"Mdomo wa kopo umeziba," Fundi alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Nipe sindano niuzibue."

Sikumpa sindano. Nilikimbilia ukutani nikamwita jirani yetu, muuguzi wa zahanati, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Sisi tunamwita Sista. Alitokea na nywele zimesukwa upande mmoja tu.

Alimtazama mtoto, akainua nguo, akatazama mbavu. Akatazama midomo.

"Mmempa dawa?"

"Mara sita!" Fundi alisema. "Haifanyi kitu."

"Mlimpaje? Nionyeshe, lakini usibonyeze."

Fundi akashika pampu, shubiri moja kutoka kwenye mdomo. "Hivi. Halafu anabana pumzi."

"Shemeji," Sista alisema polepole, "umempaka mtoto rangi kwenye ulimi. Kifuani hakijaingia kitu. Leteni chupa ya plastiki, ya nusu lita, safi na kavu. Toboa tundu kwenye kitako, liwe sawasawa na mdomo wa pampu. Haraka!"

Hapo ndipo niliposhukuru kuolewa na fundi. Alichoma waya kwenye moto, akakata tundu, akapachika pampu, akaziba pembeni kwa utepe.  

Sista alimkalisha mtoto wima. Akatikisa pampu, akaweka mdomo wa chupa katikati ya midomo ya Kasuku.

"Kasuku, funga midomo vizuri. Usibane pumzi. Vuta, toa, taratibu." Akabonyeza mara moja tu. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Vizuri. Sasa ya pili."

Alipofika ya nne, akaniambia bila kugeuka, "Mama Kasuku, tunahitaji gari. Hata akipata nafuu, lazima afike hospitali. Mtoto akishindwa kuongea, si jambo la nyumbani tena."

Gari lililokuwepo lilikuwa lile la mteja. Halikuwa na mlango wa kushoto, na vioo vyote bado vilikuwa na magazeti ya jana. Fundi aliyachana ya mbele kwa kucha, akawasha. Tukaondoka. Njiani watu walitushangaa. Mimi nilimshika Kasuku, Sista alishika chupa, na hakuna aliyeshika mlango maana haukuwepo. Nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu na roho yangu iko mkononi.

Hospitali walimwekea hewa ya oksijeni. Wakampa dawa ya mvuke, na vidonge. Baada ya saa mbili Kasuku alifumbua macho akaniuliza, "Mama, lile gari la mtu, mwenyewe mmemwambia?"

Nilicheka na kulia pamoja. Fundi alitoka nje akakaa kwenye benchi. Tulimfuata, mimi na Sista.

"Nifundishe," alimwambia Sista. "Toka mwanzo. Mimi sijui kitu."

Katika miaka kumi na mbili ya ndoa sikuwahi kuyasikia maneno hayo.

"Kunja ngumi," Sista alisema. Fundi akakunja. "Kunjua. Umeona? Msuli wa mkono unakutii. Lakini mwilini kuna misuli mingine, inaitwa misuli laini. Iko tumboni, iko kwenye mishipa ya damu, na imezunguka mirija ya hewa ya kifuani. Hiyo huiamrishi. Mwili wenyewe ndio unaotuma ujumbe: kaza, legea."

"Unatumaje?"

"Kwa mishipa ya fahamu, na kwa kemikali zinazopita kwenye damu. Ujumbe wa kukaza ukifika, madini ya kalisi, yale yaliyomo kwenye maziwa, yanaongezeka ndani ya msuli, nao unajibana. Kalisi ikipungua, unalegea. Kwa mwenye pumu, mirija ina hasira za karibu. Vumbi kidogo, harufu ya rangi kidogo, misuli inakaza. Njia ya hewa inakuwa nyembamba. Ndiyo ule mluzi."

"Na dawa?"

"Ukishtuka ukakimbia, mwili hutoa kemikali ya kulegeza mirija ili upate pumzi. Dawa ya pampu hupeleka ujumbe kama huo. Lakini lazima iufikie msuli. Ikibaki mdomoni, ni sawa na barua iliyoachwa nje ya mlango. Usipovuta pumzi, haifiki."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nami nilimwambia abane."

"Mlimwambia," Sista alisema, akinitazama na mimi. "Kuuliza si ujinga, jamani."

"Mbona sasa mikono ya Kasuku inatetemeka?" niliuliza.

"Ni dawa hiyohiyo. Moyo nao huenda mbio kidogo. Hupita."

Daktari wa hospitali alituandikia na pampu ya pili. Sista akatueleza tofauti. Ya kwanza inalegeza misuli wakati wa kubanwa. Ya pili inatuliza uvimbe ndani ya mirija, na inavutwa kila siku, hata mtoto akiwa mzima. Akishavuta hiyo, asukutue na kutema. Na kama ile ya kulegeza inaanza kuhitajika mara kwa mara, tusingoje. Turudi kwa daktari.

Safari hii Fundi alimwomba daktari amwonyeshe. Akaonyeshwa, akarudia mwenyewe mara tatu. Foleni ikamsubiri.

Mwezi uliofuata alikodi banda mbali na nyumba. Hapulizi tena bila barakoa ya kazi, wala haingii ndani na nguo za kazi. Mara ya kwanza nilipomkuta anaoga kabla ya chakula bila kuambiwa, nilidhani anaumwa. Kikohozi cha alfajiri kilipungua, kisha kikaacha. Chupa mbili zilitengenezwa: moja ya nyumbani, moja ya mkoba wa shule. Kasuku alijifunza kuitumia pampu peke yake.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja mwalimu alimpigia Fundi simu. "Kasuku amebanwa. Wenzake walikuwa wanafagia darasa."

Fundi aliacha kazi ilivyo. Alikimbia hadi shuleni, rangi mikononi, barakoa shingoni. Mwalimu alimpokea langoni.

"Pole, Mzee. Amevuta mwenyewe kwa chupa yake, akakaa wima, tukamwangalia. Ametulia. Anaongea vizuri. Sasa yuko kwenye mtihani, tafadhali usimwite."

Alisimama dirishani. Kasuku alikuwa ameinamia karatasi yake, anaandika. Mabega yametulia. Hakumwona baba yake.

Fundi alirudi nyumbani, si kazini. Alikaa karibu na mimi akanieleza yote hayo.

"Mke wangu," alisema, "leo mtoto amebanwa, na hakunihitaji."

Akaanza kulia, mwanamume mzima, mchana kweupe. Sikumnyamazisha. Nilimpa kitambaa, nikakaa naye mpaka mtoto aliporudi na kutuuliza kwa nini hatujapika.