Shokapu Zilizokufa

Siku za hospitali zilianza kwa mito. Seremala alikusanya mito yote ya nyumbani, ya kochi na ya kitandani, akaipanga kwenye kiti cha nyuma cha kigari chake. Kisha alirudi ndani kumbeba mkewe.

"Polepole, Baba Pacha," mkewe alisema. "Mimi si mbao."

"Ungekuwa mbao ningekutupa begani tukaenda zetu."

Walicheka. Kicheko kilikatika pale mgonjwa alipoinama kuingia mlangoni.

Mama Pacha alikuwa na saratani. Ilianza kwenye titi, ikashuka kwenye mifupa ya mgongo na mbavu. Daktari hakuwaficha kitu. Aliwaambia kuwa ugonjwa ule hautapona. Lakini mionzi ingeweza kupunguza maumivu, ili siku zilizobaki mama huyu akae na wanawe, azungumze nao, ale nao. Hilo ndilo walilolishika. Waliokosa zima hawatupi nusu.

Tatizo lilikuwa njia. Mionzi hailetwi nyumbani. Ni lazima uifuate, leo na kesho kutwa, mpaka dozi iishe. Na barabara ya hospitali ilikuwa imechimbika vibaya. Ukitoka kwenye shimo unaingia kwenye tuta.

Seremala alikuwa amekinunua kigari kile kikuukuu kwa kazi yake. Kilibeba misumari, gundi na randa, na misumari hailalamiki. Sasa kilibeba mtu. Kila kilipoingia shimoni, kishindo kilipanda mpaka kwenye kiti. Hata baada ya shimo hakikutulia. Kiliendelea kunesa, juu chini, juu chini. Kwenye kioo cha dereva Seremala alimwona mkewe ameng'ata kitambaa. Hakulia. Ni machozi tu yaliyomtoka yenyewe.

Jioni moja shemeji yake alikuja kumwona dada yake. Shemeji huyu alikuwa na duka la spea za magari.

"Shemeji, gari lako liko chini mno," alisema akilizunguka. "Tulinyanyue. Ninazo springi ngumu, za nguvu kweli. Litaruka mashimo kama swala."

"Mgonjwa ataona nafuu?"

"Niamini mimi. Huyu ni dada yangu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Seremala alikubali. Springi zilifungwa, na chini yake vikawekwa vipande vya chuma vya kunyanyulia. Naye kwa akili yake mwenyewe alitoa upepo kwenye matairi, akidhani tairi laini litakuwa kama godoro. Kigari kikasimama juu, kirefu kama kuku wa mashindano. Watoto wa jirani walikisifu.

Safari iliyofuata, mambo yaliharibika mapema. Kwenye shimo la kwanza kubwa gari liligonga kama limeanguka kutoka juu. Mama Pacha alipiga ukelele mmoja. Sehemu ya njia iliyobaki Seremala aliendesha kwa mwendo wa miguu.

Hospitalini walimpiga picha ya eksirei. Ubavu mmoja ulikuwa umevunjika.

"Mifupa yake imekuwa kama chaki," daktari alisema. "Asirushwe namna hii tena. Lakini tiba asiikatishe."

Aliporudishwa nyumbani, Mama Pacha aligeukia ukuta.

"Siendi tena."

"Mke wangu, unajua maana yake?"

"Ninaijua kuliko wewe. Nitafia kitandani kwangu. Sitafia kwenye kiti cha gari."

Jikoni, binti zao pacha walikuwa wakiosha vyombo. Walisikia kila neno. Mmoja aliendelea kusugua sahani ileile, na mwenzake hakumwambia kwamba imeshatakata.

Shemeji alikuja, akasimama mlangoni. Alishindwa kuingia.

"Dada, nisamehe. Nilitaka kusaidia."

"Najua, ndugu yangu," Mama Pacha alisema bila kugeuka. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uliupima kwa macho, ukaona mwepesi."

Habari ilimfikia jirani yao wa nyumba ya pili. Alikuwa mama mtu mzima, dereva wa gari la wagonjwa, na mtaa mzima ulimwita Bi King'ora. Wengine walisema ni kwa sababu ya gari lake, wengine kwa sababu ya sauti yake. Siku hiyo aliingia kwa sauti ya chini. Alikaa na mgonjwa kwanza, akamshika mkono. Kisha akamfuata Seremala uani.

"Baba Pacha, gari letu huitwa kwenye ajali na kwa wajawazito. Siwezi kumchukulia mkeo kila mara. Lakini naweza kukuonyesha kinachomuumiza. Njoo hapa. Bonyeza kona hii ya gari kwa uzito wako wote, halafu achia."

Seremala alibonyeza, akaachia. Kigari kilipanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka tena.

"Umeona? Gari zima hupanda mara moja, likatulia. Hili lako linacheza ngoma."

"Lakini springi ni mpya!"

"Springi ni kitu kimoja, shokapu ni kingine. Springi hubeba gari na kumeza kishindo. Lakini springi ikishakunjwa hupenda kuruka. Shokapu kazi yake ni kuishika, kuiambia, tulia. Shokapu zako zimekufa. Chungulia."

Seremala alipiga magoti. Nyuma ya gurudumu aliona bomba la chuma limelowa mafuta, na vumbi limegandamana juu yake.

"Hayo ndiyo mafuta ya ndani ya shokapu," Bi King'ora alisema. "Yakishavuja, imekwisha. Sasa tazama hizi springi mlizofunga. Ni za gari la mizigo. Kigari chako ni chepesi, hakiwezi kuzikunja. Springi isiyokunjika haimezi kishindo. Kinaipita tu, kinaenda moja kwa moja kwenye mgongo wa mgonjwa."

Seremala aliipapasa springi moja.

"Na ule mlio wa ko-ko-ko ninaousikia ukipita," Bi King'ora aliuliza, "unatoka wapi?"

"Nilidhani ni sanduku langu la misumari kwenye buti."

"Sanduku lishushe, uzito usio na kazi hautakiwi. Lakini mlio ni wa bushi. Ni raba zinazokaa kati ya chuma na chuma. Zako zimechanika, kwa hiyo chuma kinagonga chuma." Alipiga teke tairi. "Na upepo? Nani ameutoa?"

"Mimi."

"Tairi lenye upepo mdogo huchemka likapasuka. Ungewamaliza wote wawili. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko, hapo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kifuate hicho, usikisie."

Seremala alibaki amepiga magoti pale chini.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemvunja."

Bi King'ora hakuharakisha kumkatalia.

"Ugonjwa ndio uliokula mifupa," alisema hatimaye. "Gari liliongezea. Ugonjwa hatuuwezi, wewe na mimi. Gari tunaliweza. Inuka."

Walikwenda kwa fundi mmoja wa gereji aliyekuwa akitengeneza magari ya hospitali. Shemeji naye alifuata. Safari hii alimwuliza fundi kwanza, ndipo akaenda dukani kwake kutafuta spea.

"Shokapu usilete za mashindano," fundi alimwambia. "Hizo ni ngumu, ni za kukata kona kwa mwendo mkali. Lete za kawaida, za gari la aina hii hasa, zilizo laini. Na zije jozi."

"Lakini iliyovuja sana ni moja," Seremala alisema.

"Wewe ukivaa kiatu mguu mmoja, mwingine peku, utatembeaje? Shokapu hubadilishwa mbili mbili, za mbele kwa pamoja, za nyuma kwa pamoja."

Fundi alipandisha gari kwa jeki, akaweka vigingi vya chuma chini yake kabla ya kuingiza hata mkono. Alitoa springi ngumu na vile vipande vya kunyanyulia. Alirudisha springi za saizi ya gari, akafunga shokapu mpya, akabadilisha bushi zote zilizochanika. Mwisho magurudumu yalipimwa ili yasivute upande na kula tairi. Shemeji alishika taa muda wote.

"Sasa," Bi King'ora alisema, "usimpakie mkeo. Panda wewe kwanza, ukae kiti cha abiria. Mimi nitaendesha."

Seremala alikaa, akafumba macho. Barabara ilikuwa ileile. Alilisikia shimo likija. Gari lilizama, likainuka taratibu, likatulia. Hakuna kilichogonga. Alijua machozi yatamtoka, akageuza uso dirishani.

"Mashimo bado yapo," Bi King'ora alimwonya. "Shokapu hazifukii shimo. Hiyo ni kazi ya mguu wako kwenye breki. Na mito ya kiti cha nyuma uiache. Ukikaa nyuma uko juu ya magurudumu, ndiko gari linakorusha zaidi. Mweke mbele, kiti kilale kidogo. Lakini mwulize kwanza muuguzi kama mgongo wake unaruhusu mkao huo."

Muuguzi aliruhusu. Aliyebaki ni mgonjwa mwenyewe.

"Twende mpaka kona tu," Seremala alimwambia. "Ukisema basi, tunarudi. Sitakubishia."

Mama Pacha alimtazama. "Ni kwa ajili ya watoto," alisema. "Usidhani ni kwa ajili ya maneno yako matamu."

Kwenye kona Seremala alisimamisha gari. Alisubiri. Mkewe alikuwa ameshika kitambaa mkononi, hakukitia mdomoni.

"Unangoja nini?" aliuliza.

Akaenda. Walifika. Siku iliyofuata ya tiba walifika tena, na nyingine, mpaka dozi ikaisha. Ugonjwa haukuondoka, kama daktari alivyosema. Mama Pacha alizidi kukonda. Lakini maumivu yalilegea. Jioni aliweza kukaa mkekani, akawasuka pacha wake nywele, mmoja baada ya mwingine, akiwasimulia jinsi walivyogombania titi walipokuwa wachanga.

Siku moja walikuwa wakirudi kutoka kumwona daktari. Seremala aliendesha polepole, akikwepa mashimo. Alisema jambo, mkewe hakujibu. Akatazama upande. Kichwa kilikuwa kimelala begani. Mdomo ulikuwa wazi.

Akaegesha kando ya barabara.

"Mama Pacha."

Akamshika mkono.

"Mama Pacha!"

Jicho moja lilifunguka. "Nini tena? Tumefika?"

"Hapana."

"Sasa mbona umesimama?"

Mkewe alijinyoosha kidogo kwenye kiti, akamtazama kwa mshangao.

"Nilikuwa nimelala," alisema. "Kumbe nilikuwa nimelala kabisa. Tangu lini mimi nalala ndani ya gari?" Akafumba macho tena. "Hebu endesha. Na usiniamshe mpaka nyumbani, tutagombana."

Seremala alitia gia. Mbele kulikuwa na tuta. Alikanyaga breki mapema, akalipanda taratibu, gurudumu moja, kisha jingine. Mkewe hakuamka.