Upande wa Ukutani

Mara ya kwanza Florentine alidhani ni mtandao mbaya. Kwenye simu, nyuma ya Émilienne, godoro lilibonyea polepole upande wa ukutani, kisha picha ikaganda.

Florentine aliwasaidia watu waliokosa usingizi. Yeye alikaa chumbani kwake, mjini Baraka, wao wakamsikiliza kwa video huko waliko. Émilienne alikuwa kwenye rasi ya Ubwari, mjane wa mvuvi aliyekufa maji ziwani, mwezi wa nne sasa hapati usingizi. Florentine alimpa sharti moja: usingizi ukikataa, utoke kitandani, ukae kwenye kiti mpaka usingizi urudi, na kila kitu ukiandike daftarini.

Juma la tatu, saa nne asubuhi, Émilienne alisoma daftari lake kwa sauti ya chini.

“Saa nane niliamuka, nikatoka kitandani vile ulisema. Ye akabakia.”

“Ye nani, mama?”

“Sijue. Nikitoka tu, iko mwenye analala fasi ya marehemu. Asubuhi shuka inaloa, inanuka ziwa. Si nilikuambia? Mama mukwe alinikataza kuacha ile kitanda wazi usiku, mpaka mwaka iishe.”

Alikuwa amemwambia kweli, siku ya kwanza. Florentine alitabasamu kwa upole, akaandika: hofu.

Juma lililofuata Émilienne alitokea uso umenawiri.

“Mi nalala sasa! Hata jogoo inaniita bure.”

“Na shuka?”

“Imekauka.” Akainamisha kichwa. “Ule wa usiku aliniuliza ni nani alimupatia ile fasi. Nikasema ni mama wa kule Baraka. Akauliza kama uko na bwana. Unisamehe, mama, nilichoka sana. Nikamwambia unalala peke yako.”

Florentine alitaka kumwambia kwamba hana kinyongo, kwamba mtu aliyekesha miezi minne angesema lolote apate kulala, lakini katika ile picha yake ndogo pembeni mwa simu alikiona kitanda chake, kile alichokuwa akilalia ukingoni miaka sita tangu mumewe aende Kalemie asirudi, kikibonyea taratibu upande wa ukutani, na harufu ya ziwa, baridi na nzito, ikamfikia shingoni kama pumzi ya mtu aliyetoka mbali na kuchoka.

“Mama?” Émilienne alinong’ona. “Iko hapo?”

Florentine hakugeuka, wala hakupiga kelele. Alikata simu.

Jioni alifungua sanduku, akatoa mto wa kichwa wa pili, akauweka upande wa ukutani.