Kidoti Amekaa Mezani

Fundi cherehani alitumwa uzi mweusi jioni, giza likianza kuingia. Mkewe alikuwa na magauni sita ya kupiga pindo, na uzi ulikuwa umemwishia. Duka lilikuwa hatua chache tu, lakini fundi alikawia nusu saa kibarazani pake, simu karibu na pua.

Kamari ya mashine hakuitaka. Mashine inakuibia huioni, alikuwa akisema. Huyu alikuwa mtu: msichana wa kugawa karata, mubashara kwenye simu, mwenye vidole vyembamba, anayepiga chafya na kuomba radhi. Tena anakuita kwa jina. Mtu mzima, mjanja wa mji, akalainika kwa kuitwa jina tu, na jina lenyewe halikuwa lake. Alipojisajili aliona haya, wateja wasije wakamjua, akaandika jina la utani la mkewe: Kidoti.

"Karibu tena, Kidoti," msichana alinong'ona. "Unacheza?"

Aliweka hela ya mkate. Akashindwa.

Salio halikupungua.

Akaweka tena, akashindwa tena. Salio lile lile. Fundi akacheka peke yake, akidhani mtambo umeharibika na bahati imemwangukia. Mara ya tatu alishindwa kwa raha zake.

Aliingia ndani bila uzi, akamkuta mkewe amekaa, sindano mkononi.

"Baba watoto," alisema taratibu, "hii inafanywaje?"

Miaka kumi na minane amepiga pindo. Sasa anaigeuza sindano kama kitu alichokiokota njiani. Na chumbani mlikuwa na harufu... ya nywele zilizoungua.

Fundi akajiambia ni uchovu. Msimwonee huruma upesi; mtu akitaka kujidanganya hakosi neno. Kesho yake jioni akashindwa mara mbili, salio likabaki vilevile. Binti yao alipopiga simu, mama akauliza huyu ni nani. Siku ya tatu alishindwa mara moja tu. Alipoingia ndani mkewe alifungua kinywa kumsalimia.

Haikutoka sauti.

Hapo akaelewa dau linalipwa na nani. Alirudi kibarazani, akaandika: Nataka kubadilisha jina.

Msichana alisoma. Kwa muda mrefu hakupepesa macho.

"Aliyekaa mezani amekaa, Kidoti."

Mrudishe, aliandika.

"Cheza."

Akacheza, na safari hii akashinda. Salio likapanda, pesa safi, za kutosha kodi ya miezi mitatu. Alikimbia hadi ndani. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, anaitazama cherehani kama mgeni anayeogopa kugusa vitu vya watu. Ushindi ulikuwa wa pesa tu. Fundi akakaa chini akalia, kwa uchungu na kwa aibu, maana hata katikati ya kilio alikuwa amekwisha kuzihesabu.

Msichana yule ni nani, na meza ile iko wapi, hakuwahi kujua. Alichokijua kilitosha: akiifuta ile programu, kilichobaki cha mkewe kitabaki. Aliishika simu ili aifute. Ikawaka yenyewe.

"Karibu, Kidoti."

Ilikuwa sauti ya mkewe. Yenyewe hasa, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi, na kile kicheko kifupi alichokuwa akikitoa kabla ya kumtania.

Lakini hakuifuta. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na sauti ile ilizungumza na aliyeweka dau tu.

Akaweka.

Mkewe akainuka, akaja kusimama nyuma yake. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mumewe, ikicheka na watu asiowajua. Akamshika bega. Akatikisa kichwa, polepole... akalivuta bega lile kwa nguvu zote zilizombakia.

"Niache kidogo tu," fundi alisema, bila kugeuka. "Nakusikiliza."