Uzi Mwekundu Kwenye Breki

"Wewe funga tu uzi, mke wangu. Nimeshaijaribu."

"Umeijaribu wapi? Baiskeli haijatoka humu ndani tangu asubuhi."

"Nimesema nimeijaribu. Au leo unataka kunifundisha kazi?"

Ubishi huo ulianza wakati wa chakula cha mchana, na sasa saa kumi ilikuwa inakaribia. Fundi baiskeli alikaa juu ya ndoo aliyoipindua katikati ya karakana yake, yaani chumba cha mbele cha nyumba yao. Mkewe, mshona maturubai, alisimama mlangoni na sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kola. Kati yao ilisimama baiskeli ya bluu ya binti yao wa pekee.

Niwaeleze huo uzi. Katika karakana ile, baiskeli ikishatengenezwa, fundi huipanda mwenyewe mpaka kwenye mteremko wa nyuma ya soko, akaiachia, akakamata breki mara tatu. Ikisimama mara zote tatu, huirudisha na kuifunga uzi mwekundu kwenye waya wa breki. Mtaa mzima uliujua uzi ule. Mteja hakuuliza swali. Aliutazama, akapanda, akaenda zake.

Lakini huu ulikuwa mwaka wa nne tangu fundi aanze kupiga maji. Mwanzoni ilikuwa jioni, baada ya kazi. Kisha ikawa mchana, na chupa ikahamia ndani ya boksi la tyubu. Mkewe alijua, na alichofanya ni kumkingia kifua. Mteja akija, aliambiwa fundi amekwenda kutafuta vipuri. Siku ambazo fundi alikuwa amevaa miwani, hawezi hata kupanda baiskeli bila kuyumba, uzi aliufunga mkewe, kwa vidole vyake vya ushonaji. Kila mara alijiambia kwamba hakuna aliyewahi kuumia. Huenda hata wewe unayesoma una jambo kama hilo nyumbani kwako, unalolifunga vizuri ili watu wa nje wasilione.

Safari ndiyo iliyoleta ubishi. Ng'ambo ya mji ule kuna rasi, kipande cha nchi chenye vilima kilichoingia baharini kama kidole, na barabara yake hupanda na kushuka ukingoni mwa maji hadi nchani. Binti alipokuwa na miaka kumi na mitatu, baba yake alimwahidi kwamba wataizunguka kwa baiskeli, siku nne, wakilala kwenye hema. Mwaka wa kwanza baba aliumwa. Mwaka wa pili aliumwa tena. Binti alijua ugonjwa huo unauzwa kwa chupa, ila hakusema. Mwaka wa tatu mjomba wake, mwalimu wa jiografia, mdogo wake mama, alisema basi, atampeleka yeye.

Kwa wiki tano nyumba ile ilipata raha. Kila Jumapili mjomba alikuja na ramani aliyoichora mwenyewe, wakaitandaza kwenye meza ya kushonea, wakahesabu vilima na visima na mahali pa kusimika hema. Mama alishona hema hilo kwa mabaki ya turubai, kila mshono mara mbili. Mteremko mrefu kuliko yote, ule wa kilima cha kwanza, waliuita Ulimi. Siku mjomba alipoleta sufuria ya kupikia watu ishirini, binti alimtazama juu mpaka chini.

"Mjomba, tunakwenda kulala siku nne, au tunahama?"

"Mpwa wangu, mimi nikipanda kilima nakula kama watu ishirini."

Hata fundi alicheka. Aliahidi baiskeli ya binti ataitengeneza kwa mikono yake, breki mpya mbele na nyuma. Binti alimwamini. Ilikuwa ahadi moja tu iliyobaki, na ilikuwa ndogo.

Sasa, saa kumi ile, mama alisikia sauti ya binti na mjomba wakija barabarani, wakicheka. Aliitazama baiskeli. Akamtazama mumewe, na macho yake mekundu. Asipofunga uzi angelazimika kusema kwa nini. Binti angemgeukia baba yake, na uso ule, uso wa mtoto aliyeacha kutegemea, mama alikuwa ameshauona mara mbili na hakutaka kuuona mara ya tatu. Akavuta uzi mfukoni mwa aproni, akainama, akafunga.

Binti aliingia, akachuchumaa kando ya baiskeli, akaugusa uzi kwa kidole. "Ahsante, baba," alisema.

Kesho yake asubuhi walitoka kufanya majaribio na mizigo yote, hadi kilima cha kwanza na kurudi. Juu ya kilima mjomba aliona baiskeli ya binti imebeba hema na sufuria, akasema mteremko ule si wa mzigo kama huo kwa mtoto. Wakabadilishana. Mjomba akatangulia.

Nati zinazobana waya wa breki, ya mbele na ya nyuma, zilikuwa zimezungushwa kwa vidole tu, hazijaguswa na spana. Breki ilishika mara ya kwanza. Mara ya pili waya zilichomoka zote mbili. Kwenye kona ya mwisho ya Ulimi kuna ukuta wa mawe, na upande wa pili wa ukuta ni bahari.

Daktari alimweleza mama kwa upole, lakini hakuna upole wa kupunguza habari ile. Uti wa mgongo umevunjika. Mjomba hatatembea tena.

Binti alimkuta mama yake kwenye benchi la korido ya hospitali. Magoti ya binti yalikuwa yamechubuka kwa kukimbia na kuanguka akiteremka kilima. Hakukaa.

"Uzi ulikuwepo, mama. Niliuangalia kabla ya kutoka."

"Najua, mwanangu."

"Bado upo. Nimeutazama tena pale ukutani. Baba hufunga fundo moja. Lile ni fundo la turubai."

Mama angeweza kusema uongo hapo. Alikuwa na mazoezi ya miaka minne. "Ni mimi," alisema.

Binti alimwangalia, na uso ule ulikuja, ule ambao mama alifunga uzi ili asiuone, ila safari hii haukumgeukia baba. Kisha akaenda kukaa kando ya kitanda cha mjomba wake. Hakurudi nyumbani siku hiyo, wala iliyofuata. Mama alipokwenda na uji, binti aliupokea, akamnywesha mjomba kijiko kwa kijiko, na mgongo wake ukabaki umemwelekea mama.

Mjomba peke yake ndiye aliyezungumza. "Usilie, dada. Nashukuru tulibadilishana," alisema. Neno hilo lilimwumiza mama kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa.

Fundi naye alilia, akaapa, akamwaga chupa kwenye mtaro mbele ya mkewe. Siku ya nne baada ya ajali boksi la tyubu lilikuwa zito tena.

Siku hiyo, saa tano asubuhi, mkunga wa mtaa alifika kuchukua baiskeli yake, ile anayokwenda nayo kuzalisha wanawake hadi vijiji vya vilimani. Begi lake la kazi lilikuwa begani. Fundi hakuinuka kwenye ndoo.

"Mfungie uzi, mke wangu," alisema. "Nimeshaijaribu."

Mama aliitazama ramani iliyokuwa bado kwenye meza ya kushonea, Ulimi umezungushiwa wino wa kijani na binti. Akachukua mkasi wa kukatia turubai. Hakuigusa baiskeli ya mkunga kwanza. Alianza na zile tano zilizopangwa ukutani zikisubiri wenyewe, akakata uzi wa kila moja, moja baada ya nyingine, huku mumewe akiuliza anafanya nini, kisha akiuliza tena kwa sauti ndogo.

"Baiskeli yako haijajaribiwa, mkunga," alisema. "Wala hizi. Mume wangu ni mlevi. Nyuzi nimekuwa nikizifunga mimi."

Mkunga alishika mlango. Alikuwa amepanda baiskeli yenye uzi ule miaka yote hiyo.

Mama alimwinua mumewe kwenye ndoo kwa mkono, akamtoa nje, akafunga karakana kwa kufuli na kutia ufunguo kwenye begi la mkunga, mumewe asiupate. Zilibaki baiskeli zilizokuwa tayari barabarani na mafundo yake. Hakujua ni ngapi. Akavuka barabara na aproni yake, akabisha nyumba ya kwanza, na mwenye nyumba alipofungua akamwambia, "Usiipande baiskeli yako leo. Nina neno la kukuambia kuhusu breki." Kisha akaenda nyumba ya pili.

Funzo la Hadithi Hii

Mlevi mwenye wa kumfichia halevuki. Mama huyu alidhani analinda ndoa yake na heshima ya mumewe mbele ya mtoto, kumbe alikuwa anampa mumewe nafasi ya kuendelea kunywa, na watu wengine wakabeba hatari bila kuambiwa. Ukiwa na mlevi nyumbani, sema mapema, kwa ndugu, kwa daktari, kwa yeyote anayeweza kusaidia. Aibu utaipata, lakini utaweza kuishi nayo. Wala usithibitishe kwa mkono wako jambo ambalo hukuliona kwa macho yako, hata kama aliyekuomba unampenda. Mama alisema ukweli, lakini alichelewa kwa siku tano, na mdogo wake hatasimama tena.