Ripoti ya Kileleni

Asubuhi ile goti halikulalamikiwa.

Kwa miaka kumi na miwili, kila ilipofika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke ambaye kituo kizima cha barabara kilimwita Mama Ripoti alinyanyua mkono wa simu ya waya na kupiga vibanda vitatu vya njia ya mlimani: Darajani, Konani, Kileleni. Aliuliza hali ya njia, kisha akaiandika kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa nje, ili waendesha pikipiki wasome kabla ya kuukabili mlima. Na miaka yote hiyo mlinzi wa Kileleni, Mzee Goti, hakuwahi kutoa ripoti ya barabara kabla ya ripoti ya goti. Goti limevimba. Goti limelala. Goti limeamka limenuna kama shemeji aliyenyimwa mnofu. Ukitaka kujua kama kuna utelezi, sharti kwanza useme pole.

Asubuhi ile simu ya Kileleni iliitikiwa kabla haijalia mara ya pili.

"Njia nyeupe," ilisema sauti ya mzee. "Waje."

Mama Ripoti akangoja goti. Goti halikuja. Kilichokuja ni harufu, ikitoka kwenye vitundu vya mkono wa simu kama moshi kwenye ufa wa mlango: harufu ya nywele zilizoungua zikiwa bado mbichi. Akaufuta kwa upindo wa gauni, akajiambia labda mzee kalala vibaya, akatoka nje kuandika. KILELENI: NJIA NYEUPE. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwenye haraka alisimama kuusoma.

Muuza mikate aliusoma, akapanda mlima, hakurudi.

Pikipiki yake ilikutwa Kileleni, imesimama kwa stendi yake ukingoni mwa korongo, injini ina joto, helmeti imetundikwa kwenye kioo cha pembeni kama ya mtu aliyeingia ndani kunywa chai. Mikate yote ilikuwapo, hata mmoja haukubonyea. Kibanda kilikuwa kimefungwa, na waliomfuata wakadhani mzee kalala. Siku tatu baadaye akafuata fundi redio. Siku nne baada ya huyo, tarishi. Pikipiki kwa stendi, helmeti kwenye kioo, mtu hakuna. Na kila asubuhi ile sauti: njia nyeupe, waje.

Mkuu wa kituo alikuwa mnene wa mwili na mwembamba wa maneno, na maneno yenyewe yote yaliishia mahali pamoja, ndiyo maana wakamwita Bwana Nishasema. Mama Ripoti alimwendea mara tatu. Mara ya kwanza alimwambia mzee wa Kileleni hasikiki kama mzee wa Kileleni. Akajibiwa kwamba mtu kupona goti si kosa la kinidhamu. Mara ya pili alimwambia watu wawili wamepotelea pale pale. Akajibiwa kwamba wenye pikipiki ni watu wa kukimbia wake zao. Mara ya tatu aliomba ruhusa ya kuifunga njia.

"Wewe kazi yako ni kuandika unachoambiwa," mkuu alisema, bila kuinua macho kwenye sahani yake. "Nishasema."

Akatoka mle na hasira, si woga. Kuna hasira ya kutapika na kuna hasira ya kumeza. Ya kutapika huchafua sakafu tu. Ya kumeza huota mizizi.

Siku ya kumi ilikuwa zamu ya binti yake kuvuka. Binti alikuwa mkunga, na kila wiki alipanda pikipiki yake kwenda zahanati ya ng'ambo ya mlima. Wanawake wawili walikuwa wanamngoja huko, mmoja wa mapacha. Mama yake alianza kumgombeza kuanzia mlangoni mwa nyumba hadi mlangoni mwa kituo: breki zimekwisha, koti la mvua liko wapi, ubishi huu kautoa upande wa baba yake, na leo haendi popote. Binti akamsikiliza huku akifunga mkoba wa dawa, kisha akaonyesha ubao kwa kidevu.

"Mama, pale nani kaandika?"

Mama Ripoti akatazama mwandiko wake mzuri. Binti akavaa helmeti, akaenda, na mlio wa pikipiki ile, wenye kikohozi katikati kama cha mvuta tumbaku, ukapanda kona kwa kona mpaka ukungu ukaumeza.

Saa tatu kichwa kilikuwa kinamgonga. Akavuka barabara kwenda duka la dawa, na kwenye foleni, mbele yake kabisa, akamkuta Mzee Goti ameshika kopo la dawa ya kuchua.

Mama Ripoti alimwamkia kwanza, maana adabu ni adabu. Kisha akamuuliza kateremka saa ngapi. Mzee akacheka. Ateremke wapi? Hii wiki ya pili yuko hapa hapa chini, analinda matofali ya nyumba anayojijengea Bwana Nishasema, na kaambiwa afunge mdomo, vinginevyo kazi hana.

"Mzee wangu," Mama Ripoti alisema polepole, "simu ya Kileleni anapokea nani?"

Kicheko cha mzee kikakatika. "Hakuna simu kule, mwanangu. Niliikata kwa mkono wangu nikashuka nayo. Iko stoo kwenu, kwenye ndoo ya rangi."

Akamvuta pembeni, nyuma ya rafu ya sabuni, na kwa sauti ya mtu anayeungama akamwambia kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Kule juu kuna kitu. Hakina uso chenyewe wala sauti, vyote hukopa. Kila alfajiri kilikuja dirishani kikamuuliza, leo anakuja nani? Ukikijibu, umempa mtu. Basi yeye miaka yote hiyo alikijibu neno moja tu: goti linauma. Kilipouliza tena, akakieleza lilivyovimba. Hata jini lina kiwango chake cha kuvumilia wagonjwa. Likachoka, likaenda zake.

"Lakini nilipoondoka," mzee alisema, "sikujua nyinyi mtaendelea kupiga simu."

Mama Ripoti hakungoja dawa. Alikimbia, yeye ambaye tangu amzae binti yake hakuwahi kukimbia, akavuka barabara bila kutazama huku wala huku, akapita ubao wenye mwandiko wake, akapita meza yake, na hapo ndipo ilipomjia kwamba stoo na meza yake vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba kama biskuti, kwamba asubuhi zote hizi kile alichodhani kinamjibu kutoka mlimani kilikuwa kinamjibu kutoka nyuma ya mgongo wake, hatua mbili, kikisikia hata anavyomeza mate. Bwana Nishasema alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo akichokonoa meno. Akamuuliza kulikoni. Akaambiwa kulikoni. Mtu mzima yule akapauka, akaanza kueleza kwamba kibanda kisicho na mlinzi kingefutwa na wakubwa, na ujenzi unahitaji mtu mwaminifu, na juu ya yote ripoti si zilikuwa zinakuja?

"Watu watatu," Mama Ripoti alimwambia. "Watatu, na wewe unalinda matofali."

Akamsukuma kwa bega, na ule mwili wote ukaenda kukaa juu ya mapipa ya lami.

Simu ilikuwa ndani ya ndoo, waya wake umekatwa, umebaki urefu wa vidole vitatu. Mkono wake ulikuwa na joto kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Harufu ya nywele ikampiga usoni. Akaubandika sikioni. Akasikia upepo. Halafu, ndani ya upepo, akasikia pikipiki ikinguruma pasipo kwenda, na kile kikohozi katikati. Halafu akamsikia binti yake.

"Mama? Umefikaje huku?"

Na sauti iliyojibu ilikuwa yake mwenyewe, Mama Ripoti, ile sauti yake laini ya kazini aliyowaamkia nayo walinzi kila asubuhi.

"Nimekuja kukupokea, mwanangu. Pole na safari. Njia nyeupe. Shuka taratibu."

Hapo siku kumi za kumeza zikapanda zote kwa pamoja, na mama yule akaukamata mkono wa simu kwa mikono miwili akautapikia kila kitu, kwamba ondoka mbele ya mwanangu wewe usiye na uso, wewe mdokoaji wa sauti za watu, uchungu wa yule niliuona mimi siku mbili na usiku wa katikati, homa zake nimezikesha mimi, karo yake imenitoa kucha, huwezi leo kusimama njiani umevaa sura yangu ukamwita mwanangu kwa kinywa ambacho hata meno yake umeazima, na wewe binti kichwa ngumu, kama hugeuzi hiyo takataka ya pikipiki sasa hivi nitapanda huko kwa miguu yangu nikurudishe kwa kukuvuta sikio mbele ya watu wote, uwe mkunga usiwe mkunga, unanisikia, unanisikia?

Simu ikanyamaza. Upepo, hakuna. Pikipiki, hakuna. Kisha, kwa chini, polepole, kama mwanafunzi anayejaribu somo jipya ulimini, ikasema: "Kichwa ngumu."

Akauachia ukaanguka sakafuni.

Baada ya saa nzima, ambayo hakuna haja ya kuisimulia, kikohozi cha pikipiki kikasikika kikiteremka. Binti akaingia amelowa, midomo imemkauka, mzima. Mama Ripoti akamshika mashavu, akamshika mabega, akamhesabu vidole kama siku aliyomzaa. Binti akaeleza palepale, mlangoni mwa stoo, kwamba kile kitu kilikuwa na uso wake, gauni lake, hata kovu la kidole. Asingetambua.

"Lakini kikaniambia pole na safari," alisema, na kicheko kikachanganyika na kilio. "Mama, wewe tangu lini? Nikajua si wewe. Nikageuza."

"Ni kwa sababu nilikugombeza kwenye simu. Ungenidharau leo, ungepotea."

"Kunigombeza saa ngapi? Mimi sikusikia kitu."

Mama Ripoti akatazama sakafuni, pale ulipolala mkono wa simu, vitundu vyake vikiwatazama wao. Kwa hiyo yale maneno yote, yenye miaka ishirini na sita ndani yake, yalikuwa yamesikiwa na mmoja tu.

Akamwambia binti aende nyumbani upesi, ajifungie, asimfungulie mtu yeyote isipokuwa yeye. Kisha akamgeukia Bwana Nishasema, akampa chaki, akamsimamia mpaka akaandika IMEFUNGWA kwa herufi za kitoto, kwenye kila mstari wa ubao, huku wenye pikipiki wamejaa wakimtazama. Ndugu wa tarishi walikuwapo. Ndugu wa muuza mikate walikuwapo. Mama Ripoti aliwaambia mzee alikuwa wapi, analinda nini, na tangu lini, kisha akawaachia mkuu wao, yuko kati ya ubao na watu, chaki mkononi, na kwa mara ya kwanza hana la kusema.

Alipofika mtaani kwake ilikuwa saa kumi alasiri. Ukungu wa mlimani, ambao katika maisha yake yote hakuwahi kuuona ukivuka daraja, ulikuwa umelala mlangoni kama mbwa wa nyumba. Harufu ya nywele ilikuwa kwenye kitasa. Akagonga.

Akasikia nyayo za binti zikija, zikasimama nyuma ya mbao. Akasikia pumzi yake.

"Mama," binti alinong'ona, lakini alikuwa amegeukia ndani, kuelekea jikoni. "Kuna mtu nje."

"Na wewe kichwa ngumu utaanza kufungua," sauti ikajibu kutoka jikoni, kali, iliyochoka, yenye miaka ishirini na sita ndani yake. "Nilikwambia usimfungulie mtu yeyote isipokuwa mimi. Unanisikia?"

Mama Ripoti akafungua kinywa agombeze. Kila neno aliloligusa lilikuwa limeshasemwa ndani.