Kiapo cha Jenerali Esengeldi

Kila asubuhi Jenerali Esengeldi alikunywa chai, akala mkate kwa jamu, kisha akaufokea ukuta. Alikuwa akifanya mazoezi ya kiapo.

Dola la Kisovieti lilikuwa limevunjika. Wakirigizi sasa walikuwa na nchi yao na jeshi lao. Esengeldi angekuwa mkuu wa jeshi hilo, mradi Ijumaa aape kwa Kikirigizi mbele ya askari. Akishindwa, cheo kingekwenda kwa mwingine. Na yeye, masikini, tangu ujana alisema Kirusi tu.

“Mwombe Mwalimu Anarkul akusaidie,” alisema mkewe, Saikal.

“Jenerali mzima nifundishwe na mwalimu wa chekechea? Nitasema koo linaniuma.”

“Kwa hiyo utaapa kwa kukohoa?”

Anarkul, jirani yao, alikuwa mlangoni. Alikuja kuazima sufuria.

“Kaka, hebu nisomee hicho kiapo.”

Jenerali akasoma kwa kishindo.

“Vizuri. Umeapa nini?”

Jenerali akatazama dari. Saikal alicheka mpaka akashika meza.

“Herufi unazijua, maana huijui,” alisema Anarkul. “Usikariri. Soma sentensi moja, kisha nieleze kwa maneno yako. Usichokijua, uliza. Kila siku kidogo, kwa sauti.”

“Watu watanicheka!”

“Watakucheka, ndiyo. Umepona mabomu, utapona na hilo.”

Basi akaanza kuuliza. Sokoni aliuliza majina ya vitunguu. Alimwuliza dereva wake maswali mpaka gari likapotea njia.

Ijumaa, uwanjani, alianza vizuri. Katikati akakwama. Maana ya neno alilolijua jana ilimtoka kabisa. Saikal akafumba macho. Jenerali alitaka kukohoa, akajizuia. Akalisoma neno hilo kwa sauti, akashusha karatasi.

“Wanangu, neno hili maana yake nini?”

Sauti moja ikajibu kutoka katikati ya askari, “Kulinda, Jenerali!”

“Kumlinda nani?”

“Watu!” kikosi kizima kikaitikia.

“Ahaa! Basi naapa kuwalinda watu.”

Uwanja ukalipuka kwa vicheko na makofi. Akamaliza kiapo, akakabidhiwa jeshi.

Jumatatu Anarkul aliitwa kambini. Alikuta makanali wamejaa chumbani, kila mmoja na daftari. Nao walikuwa wameapa bila kujua wameapa nini.

“Kaeni!” aliamuru Anarkul.

Jenerali alikuwa wa kwanza kukaa, na wa kwanza kunyoosha kidole.