Kiti cha Kushoto cha Pijo

Jumatatu, jua likielekea kuzama, mzee Vikizitha Ngcobo alirudi nyumbani Edendale na kiti kimefungwa blanketi nyuma ya pikapu ya kuazima. Hata hajashuka, mkewe alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umeleta takataka gani tena, Mapholoba?" akauliza, akimwita kwa jina la sifa la ukoo wake.

"Kiti, MaSithole. Cha asili! Nimekitafuta miaka minne."

"Wenzako wakifiwa wanazika. Wewe magari yaliyokufa unayaleta uwani."

Vikizitha akacheka. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha hatukaniki. Uwani mwake palikuwa na Pijo 404 ya mwaka 1969 aliyoachiwa na baba yake. Ilikuwa imekaa juu ya matofali miaka mingi, kuku wakitagia kwenye buti. Siku moja bintiye Hlobisile, wakati huo ana miaka saba, alimuuliza kama gari hilo litatembea tena. Akamwahidi: siku ukiolewa, utatoka hapa ndani ya gari la babu, na mimi ndiye nitakayeendesha. Sasa Hlobisile ana miaka ishirini na sita, na harusi ni Jumamosi.

Ahadi ni deni, na yeye alilipa kwa mikono yake. Alikuwa fundi wa gereji ya mabasi miaka thelathini, kwa hiyo injini haikumsumbua. Kilichomsumbua ni urembo. Tepe za nikeli za milangoni alizinyoosha juu ya paja kwa nyundo ya mpira, moja baada ya nyingine. Bampa alizisugua kwa karatasi ya alumini iliyochovywa majini mpaka kutu ikakimbia. Vitasa, mipira ya vioo, fremu za taa, vyote akavirudisha mahali pake. Kilibaki kiti cha mbele cha kushoto, ambacho panya walikuwa wamekila mpaka springi.

Akakipata kwa Naidoo, muuza vyuma chakavu kwenye njia ya Greytown. Nyuma kabisa ya kiwanja palikuwa na Pijo nyeupe, ubavu wa kushoto umekunjwa kama karatasi. Ndani ya ubavu huohuo uliokunjwa, kiti kilikuwa kizima. Hakina hata mkwaruzo.

Naidoo alijulikana kwa kubishania bei mpaka mtu atokwe na machozi. Siku hiyo alitazama kando.

"Hicho sikuuzii. Kichukue uende nacho."

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Vikizitha akasema asante.

Jumanne alikivua ngozi ili akishone upya. Chini ya springi akakuta ua dogo la kitambaa cheupe lenye pini, lile la kubandika kwenye koti. Akalitia mfukoni bila kulifikiria. Kichwani mwake mlikuwa na Jumamosi tu.

Jumatano magharibi umeme ulikatwa mtaa mzima. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wametuma salamu kwamba watapita jioni hiyo. Vikizitha alikuwa chali chini ya gari, tochi mdomoni, akikaza nati za kiti.

Akasikia nyayo.

Lango lile lilikuwa bovu, likilia hata paka akipita. Safari hii halikulia. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye.

Ko... shwaa. Ko... shwaa.

Mguu mmoja mzito, mwingine unaburuzwa. Zikasimama upande wa kushoto. Kutoka pale chini aliona kiatu cheusi kimeng'arishwa vizuri. Mguu wa pili ulikuwa na soksi tu, soksi imelowa, ina majani. Hewa ikajaa harufu ya manukato na petroli.

"Tumechelewa?"

Sauti ya kijana. Ya chini, ya kuhema.

Vikizitha akadhani ni wageni wake, na huyu maskini kiatu kimenasa kwenye tope la kijito. Akatoa tochi mdomoni, akajibu kwa ukarimu wote wa baba wa bibi harusi.

"Hamjachelewa, mwanangu. Mmefika, hapa ndipo nyumbani. Ingia tu, bibi harusi yumo ndani."

Kile kiatu kikasogea.

Halafu pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Asante, baba."

Mlango ukafunguka. Springi zikalia. Gari likashuka upande wa kushoto mpaka chuma kikamgusa paji la uso. Kisha mlango ukafungwa, taratibu, kwa adabu.

Alipotambaa akatoka, hapakuwa na mtu. Kiti alichokishona kwa siku mbili kilikuwa kimebonyea katikati.

"MaSithole! Wageni wameingia?"

"Wageni gani? Wamepiga simu, wanakuja kesho."

Akarudi kukaza nati ya mwisho. Mwanamume mzima aseme nini?

Alhamisi jioni, wageni wa bwana harusi wakiwa wamekwisha kuondoka, Hlobisile aliingia jikoni na kikombe kitupu.

"Baba, yule mgeni garini ni wa upande gani? Ameomba maji. Ananiuliza kama bibi harusi ameshavaa."

MaSithole akaacha mwiko sufuriani. Akamtazama mumewe, na uso wa mumewe ukamwambia kuna jambo.

"Ni wa upande wa mwenzako," Vikizitha akasema. "Ana utani mwingi. Usimsogelee tena."

Binti alipokwenda kulala, mzee akaeleza. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, halafu akajipiga kifuani.

"Yoo! Mapholoba, umetuua! Hivi wewe hukuzaliwa hapa?"

Kwa maana kila mtu wa kule anajua. Aliyekufa barabarani hubaki barabarani mpaka watu wake wamfuate na tawi la mti wa mphafa. Huitwa kwa jina, kisha huambiwa njia hatua kwa hatua: sasa tunavuka mto, sasa tunapinda, hili lango, hapa ndipo nyumbani, ingia. Asipoambiwa haingii. Akiambiwa, basi ameingia, na pale ni kwake.

"Na juu ya hayo ukamwambia bibi harusi yumo ndani!"

Vikizitha akachukua spana, akaenda akakifungua kiti, akakitupa nje ya lango. Aliporudi ndani alimkuta mkewe amesimama kama nguzo, kidole mdomoni. Sauti ilikuwa sebuleni.

"Tunaondoka saa ngapi?"

Akakirudisha kiti. Nati zilimdondoka, akaziokota, akazikaza.

Ijumaa alfajiri akakata tawi la mphafa, akaliweka juu ya kiti cha kushoto, akawasha Pijo. Ilipasa iwe siku ya shangwe, gari linatembea baada ya miaka ishirini na mitatu. Hakuona shangwe hata moja. Alikwenda kwanza kwa Naidoo kuuliza kiti kilikuwa cha nani, lakini Naidoo hakumruhusu kuingia na gari lile kiwanjani. Alimnong'onezea dirishani: kijana wa kina Zondi, wa Muden. Alikuwa anakwenda kuoa. Miaka kumi na moja sasa.

Njia nzima ya kwenda Muden alisema peke yake. "Sasa tunapanda mlima... Sasa tunavuka mto..." Kila akisema, springi zilijibu kidogo.

Kwenye kona moja yenye ukuta wa mawe alisikia kilio, kidogo kabisa, kushoto kwake. Hakugeuza shingo.

Kwa kina Zondi alimkuta bikizee, MaMchunu, anachambua maharage nje ya nyumba ya msonge. Vikizitha akapiga goti, akatoa lile ua mfukoni.

Bikizee akalipokea. Alilishika muda mrefu, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Nililibandika mimi mwenyewe. Mwanangu Mphathiswa. Umelitoa wapi?"

"Yuko garini, mama. Nimemrudisha."

"Nani?"

"Mwanao."

Bikizee akatikisa kichwa, taratibu, kama anayemsahihisha mtoto.

"Mwanangu tulimchukua. Marehemu mume wangu alishika tawi. Gari lilikuwa limeshakokotwa, tukamwita palepale kwenye kona, tawi likawa zito, tukajua ni yeye, tukaja naye. Mbuzi tulichinja. Yumo humo ndani. Kila jioni namwekea nyama na pombe, asubuhi nakuta vyombo vitupu."

Macho yake yakaenda kwenye ua, yakaenda kwenye gari, yakarudi. Alipoendelea alikuwa ananong'ona.

"Mphathiswa hakuwa akinywa pombe. Nilisema labda... huko waliko wanabadilika."

Garini, kwa sauti ya mtoto aliyemwona mama yake sokoni: "Mama?"

Bikizee akasimama. Maharage yakamwagika.

Na ndani ya nyumba ya msonge, gizani, mtu akakohoa. Kikohozi kinene cha mtu mzima.

"Unaongea na nani hapo nje?"

MaMchunu akaushika mkono wa Vikizitha. Vidole vya bikizee, lakini vilibana kama koleo.

"Baba, kama huyo ndiye mwanangu... huyu ninayempikia ni nani?"

Vikizitha akautazama ule mlango wa giza.

"Geuza gari," bikizee akanong'ona, huku anatabasamu kuelekea mlangoni ili sauti yake isibadilike. "Nenda naye. Hapa pamejaa. Akijua kwamba nimejua, nitalala wapi leo?"

"Mama, kesho namwoza binti yangu!"

"Basi usimwache akaiona harusi. Wewe ndiye uliyemkaribisha, ni wewe anayekusikiliza. Kaa naye. Zungumza naye. Akimjua bibi harusi ni nani na ni binti wa nani, atamfuata." Akapaza sauti, akageukia nyumba: "Ni mpita njia tu, mwanangu! Amepotea!"

Njia ya kurudi kiti cha kushoto kilitetemeka muda wote. Kijana alikuwa analia. Vikizitha naye alilia, kwa ajili ya yule kijana, kwa ajili ya bikizee, na zaidi kwa ajili ya kesho. Aliona huruma na woga kwa pamoja.

Usiku alimweleza mkewe. Walikubaliana Hlobisile asiambiwe kitu. Angeogopa, angelia, angeita kwa sauti, na mwenye masikio yuko uwani. Kaka wa MaSithole, mjomba wa binti, angemtoa kwa niaba ya baba. Bibi harusi angepanda gari la kukodi.

"Atasema humpendi," MaSithole alisema.

"Najua."

Jumamosi kabla hakujapambazuka Vikizitha alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani, suti yake mpya mwilini, tawi mapajani. Akaanza kusema. Alisimulia gereji, mabasi, mvua za mwaka ule, jinsi tepe za nikeli zinavyonyooshwa. Kijana alikuwa msikilizaji mzuri. Mara nyingine aliuliza swali.

Jua likapanda. Bampa zikang'aa hata majirani wakasimama kuzitazama. Joto likazidi, harufu ya manukato ikamlevya, na bila kufikiri akashusha kioo cha upande wake apate hewa.

Vigelegele vikalipuka mlangoni.

Springi zikalia. Aliyekaa kushoto alikuwa ameinuka kitini.

"Baba... nani anaolewa?"

"Binti wa jirani," Vikizitha akasema haraka.

"Lakini wanatoka mlango huu."

"Wamekuja kuazima ukumbi. Tulia, mwanangu. Si yako."

Hlobisile alikuwa ameuacha mkono wa mjomba. Alikuja mbio kidogo, gauni ameliinua kwa mikono miwili, anakwepa matope, macho yamevimba kwa kulia. Alitaka neno moja tu kutoka kwa baba yake. Alifika karibu na kioo.

"Mzuri," ile sauti ikasema, na mlango wa kushoto ukabofya. "Anaitwa nani?"

Vikizitha alitazama mbele, kwenye dashibodi aliyoipiga msasa miezi mitatu kwa ajili ya harusi hii. Bintiye alikuwa hatua moja, anahema, amefungua mdomo amwite baba.

"Simjui," Vikizitha akasema, kwa sauti kubwa ya kusikika pande zote mbili. "Mtoto huyo simjui. Mwambieni aondoke kwenye gari langu."

Hlobisile akasimama. Kisha akaachia gauni likaburuzwa kwenye matope, akageuka, akaenda kwenye gari la kukodi bila kutazama nyuma.